Miaka Thelathini na Mitatu ya Kutazama Bila Kugusa

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi jioni, Mzee Lenzi ataizima kompyuta iliyo mezani kwake, ataifunika kwa kile kipande cha shuka la bluu tunachokijua sote, na atastaafu. Atakuwa ameitumikia kampuni yetu kwa miaka thelathini na mitatu na miezi miwili. Kwa miaka ishirini na tisa kati ya hiyo, hakuna bodi iliyotoka getini bila mchoro wake kupita kwanza mbele ya macho yake, ukiacha wiki tatu alizolazwa kwa ajili ya mguu na siku nne za harusi ya binti yake. Na hata hizo siku nne, mlinzi wa getini anasema alipita asubuhi akiwa amevaa suti, kuuliza kama kuna faili jipya.

Wasifu huu ungeandikwa vizuri zaidi na wachoraji, na Meneja ana maneno mengi kuliko mimi wa chumba cha ufungaji. Lakini Mzee Lenzi alipoulizwa angependa nani amwandikie, alinitaja mimi. Sababu yake nitaieleza nikifika mahali pake.

Kwa ndugu na wageni watakaosoma jarida hili siku ya sherehe, nianze na kazi yenyewe. Bodi ni vile vibao vya kijani mnavyoviona redio au mizani ikifunguliwa. Juu yake kuna njia nyembamba za shaba zinazopeleka umeme kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Kabla ya kuwa kibao, bodi huwa ni mchoro ndani ya faili la kompyuta, na mchoro huo una matabaka, kama karatasi za plastiki zilizolazwa moja juu ya nyingine: tabaka la njia za juu, la njia za chini, la matundu, la maandishi meupe. Mchoraji akikosea kwa unene wa unywele, mashine italirudia kosa lake mara mia tano bila kulalamika. Kazi ya Mzee Lenzi imekuwa kuliona kosa hilo likiwa bado ni mchoro.

Alianza na mashine ya kutoboa matundu, upande wa nyuma, ambako vumbi lilikuwa linageuza nywele za watu kuwa za kijani. Alikaa huko miaka minne. Siku moja aliisimamisha mashine bila ruhusa kwa sababu aliona kwenye filamu, ile plastiki iliyobeba mchoro kabla ya kompyuta kuja, njia mbili zilizogusana, akaitwa ofisini kuonywa. Mkaguzi wa wakati ule, mama mmoja mkali asiyependa mazungumzo, aliichukua filamu ile, akaitazama, akasema anamtaka mtu huyu mezani kwake kesho yake. Akampa lenzi ya kubana jichoni, kama ya mafundi saa. Mzee wetu aliizoea mpaka akawa anaisahau. Alikuwa anakwenda nayo kula, anapanda nayo ngazi, na alama ya mviringo kwenye jicho la kulia haikumtoka hata siku za mapumziko. Jina la Lenzi lilianzia hapo, na nina shaka kama mhasibu wetu anajua jina lake jingine.

Kisha zikaja kompyuta, filamu zikaondoka, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo yeye mwenyewe husisitiza lisemwe.

Siku hizo mkaguzi na mchoraji walitumia programu ile ile. Mchoraji alichorea, mkaguzi alikagulia. Mzee Lenzi alikuwa anakagua bodi ya mizani ya kupimia watoto wachanga, akasogeza kipanya bila kujua kwamba kidole chake kimebonyeza. Tundu moja likahama. Alipofunga faili, programu ikamwuliza kama ahifadhi, akabonyeza ndiyo, kama sisi sote tunavyobonyeza ndiyo. Bodi mia nne zikatoka tundu likiwa pembeni, hakuna hata moja iliyoingia kwenye mizani. Lawama zikamwangukia mchoraji, ambaye alikuwa na miezi sita tu kazini. Mchoraji huyo hakubisha. Alijua hajakosea, lakini hakuwa na la kuonyesha, maana faili lilikuwa na tundu mahali lilipokuwa. Aliambiwa afungashe vitu vyake.

Mzee Lenzi alilifungua tena faili lile na kutazama saa ya mwisho lilipohifadhiwa. Ilikuwa saa yake yeye. Asubuhi alikwenda kwa Meneja kabla hajavua koti, akasema maneno matatu ambayo wazee wa hapa bado wanayakumbuka.

“Ni mkono wangu.”

Mchoraji yule hakuondoka. Alikaa miaka karibu kumi na tisa. Alikuwa dada yangu.

Bodi moja kati ya zile mia nne Mzee aliitundika ukutani juu ya meza yake, ili imkumbushe. Baada ya miaka michache aligundua kwamba inatosha kikombe cha chai bila kumwaga, akaishusha, na imekuwa sinia yake hadi leo.

Baada ya tukio hilo aliomba kitu kimoja tu, na aliomba kwa miezi minane: programu ya kutazamia ambayo haiwezi kubadili chochote. Wachoraji walimcheka. Walisema ni kama mtu kuomba anunuliwe gari lisilo na usukani. Yeye alijibu kwamba hataki kuendesha, anataka kukaa dirishani. Mwishowe ikaletwa. Ilikuwa na jina refu la kigeni, nasi tukaiita Miwani, kwa sababu fundi aliyeiweka alisema miwani haiandiki.

Miwani inafungua faili la mchoro na kulionyesha, basi. Unaweza kuwasha na kuzima tabaka moja moja. Unaweza kukuza kitundu mpaka kijae skrini, kugeuza bodi uione kwa chini, kupima umbali kati ya njia na njia, au kubonyeza njia moja ikawaka njano kutoka mwanzo hadi mwisho. Haina kitufe cha kuhifadhi. Haina cha kufuta. Hainakili wala haichapishi. Ukivuta kitu kwa kipanya, hakisogei. Mzee Lenzi aliipenda siku ya kwanza, na nadhani aliipenda kwa sababu tabia zao zinafanana. Katika miaka yote ile hajawahi kuirekebisha kazi ya mtu. Hata kama kosa ni la kitoto, hata kama mchoraji amekwenda likizo na mteja anapiga simu. Alikuwa anachukua kikaratasi, anaandika kwa penseli tabaka na kona, anakiweka mezani kwa mwenye mchoro. Hakuwahi kuandika “umekosea”. Aliandika “njoo unieleweshe hapa”. Wachoraji wanasema hakuna sentensi iliyowatia baridi kama hiyo. Unakwenda kumwelewesha, unaanza kueleza, na katikati ya maelezo yako unaliona kosa mwenyewe, naye anakutazama kama mtu aliyefurahi kufundishwa.

Nyumbani, shemeji yetu, mkewe, anatuambia, mambo ni tofauti kidogo. Mzee hawezi kuiweka sahani mezani kabla ya kuigeuza aone chini. Aliwahi kumwita fundi ujenzi amweleweshe ukuta. Fundi hakurudi.

Mwaka jana alifikisha mchoro wa elfu tisa. Hakutuambia, tulijua kwa sababu mtu wa stoo alikuwa anahesabu. Kati ya hiyo yote, michoro ambayo bodi zake zilirudishwa na wateja kwa kosa ni mitatu, ukihesabu ule wa mizani. Wakaguzi wawili aliowafundisha wanakagua kwenye viwanda vikubwa kuliko chetu, na wote wawili, wakipiga simu kumsalimia, humaliza kwa kumwuliza swali. Amepewa zawadi ya mfanyakazi bora mara nne, na mara zote nne alisimama jukwaani akaigeuza ngao aone imeandikwaje kwa nyuma.

Sasa nimefika mahali pa kueleza sababu.

Dada yangu aliitwa Mama Kona na watu wote wa hapa, ingawa hakuwa na mtoto zaidi ya mimi, mdogo wake aliyemlea. Jina alipewa na Mzee Lenzi. Wachoraji wengi hukata kona za njia zao kwa pembe, lakini dada yangu alizipinda taratibu, kama mtu anayekunja kitambaa. Mzee alimwambia bodi zake zinafanana na nyuzi zilizomwagika. Dada naye, ingawa alizidiwa miaka tisa tu, alimwita Babu. Walikuwa wakitaniana korido nzima mpaka chumba cha ufungaji, na mgeni angedhani ni ndugu waliogombania shati.

Tulichokuwa hatujui ni kwamba utani wa korido ulikuwa kipande tu. Katika faili la mchoro kuna tabaka moja ambalo mashine hazilisomi. Linaitwa tabaka la maelezo. Mchoraji anaweza kuandika humo anachotaka, na hakitatokea kwenye bodi. Wengi huliacha tupu. Dada yangu, baada ya kunusurika kufukuzwa, alianza kumwandikia humo Mzee Lenzi. Alijua kwamba ni mtu mmoja tu katika jengo zima anayewasha matabaka yote, hata yasiyo na kazi. Kwa kuwa Miwani haiandiki, Mzee hakuweza kumjibu humo humo. Alijibu kwa penseli, kwenye vikaratasi vile vile vya makosa, chini ya “njoo unieleweshe”. Hawakuwahi kuzungumzia jambo hilo kwa mdomo. Ilikuwa hivyo kwa miaka karibu kumi na tisa.

Dada yangu alifariki miaka miwili na miezi minne iliyopita. Nilipokwenda kusafisha meza yake nilikuta bati la biskuti limejaa vikaratasi. Nilibeba bati hilo kifuani nikapita nalo mbele ya chumba cha ukaguzi, na Mzee akainuka kwenye kiti chake, akasimama mpaka nilipopita.

Nilivisoma vyote nyumbani. Mwandiko wa Mzee niliujua, maana nilizoea kuuona kwenye fomu za maboksi. Lakini sikuelewa kitu. “Sijala.” “Hapana, ile suti ni ya binamu yangu.” “Nimepata mawili, sio moja. Chai vikombe viwili.” “Labda, lakini usimwambie yeye.” Ilikuwa kama kusikiliza mtu anaongea na simu, na sauti ninayoitaka mimi iko upande wa pili. Kikaratasi kimoja kilisema: “Mwambie mdogo wako asilie. Ufungaji wanatafuta mtu.” Miaka kumi na sita iliyopita nilifeli mtihani, nikakaa ndani wiki mbili, kisha dada akaja na habari kwamba amesikia tu kuna nafasi kazini kwao. Amesikia tu. Hakuniambia alisikia wapi.

Sikumwuliza Mzee. Ningeanzaje? Nilikuwa nampelekea fomu za maboksi, ananisalimia, namwitikia, narudi kwenye meza yangu. Nadhani kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake.

Miezi mitatu iliyopita tulitangaziwa mfumo mpya. Michoro yote ya zamani itahamishiwa huko, na Ijumaa ile ile Mzee anayostaafu, kompyuta yake itafutwa pamoja na Miwani na mafaili yake. Fundi wa mfumo alitueleza vizuri na kwa upole kwamba hakuna kitakachopotea, kwa kuwa matabaka yote ambayo mashine huyasoma yatahamishwa. Mzee Lenzi alinyoosha mkono akauliza kuhusu yale ambayo mashine haziyasomi. Fundi akasema hayo ni takataka tu, hayahamishiki, na hajaona mtu anayeyatumia. Mzee akasema asante, akakaa.

Tangu asubuhi iliyofuata alianza kufika saa moja kabla ya kazi, akiwa na daftari la kurasa mia mbili lenye jalada gumu. Tulimwona akiandika. Wachoraji walimtania kwamba anaandika wosia, na mlinzi wa getini akamwomba amwachie baiskeli. Yeye alicheka pamoja nao, akaendelea. Dada yangu alichora bodi mia tano na arobaini. Mzee alifungua mafaili hayo moja moja kwenye Miwani, akazima tabaka hili na lile mpaka shaba yote ikaondoka na skrini ikabaki nyeusi na maneno machache ya dada yangu pembeni. Halafu akayaandika kwa penseli, na tarehe, na namba ya bodi. Programu isiyonakili ilikuwa imepata mtu wa kunakili.

Wiki mbili zilizopita, saa ya chakula, alikuja chumba cha ufungaji. Nilikuwa peke yangu nikiziba ile mifuko ya rangi ya fedha ya kutilia bodi. Aliliweka daftari katikati ya mifuko.

“Maswali ni haya,” akasema. “Majibu nadhani unayo wewe.”

Nilifungua popote. *Babu, umekula leo au unaangalia tu chakula bila kukigusa?* Nikafungua pengine. *Nimeficha kosa moja makusudi. Ukilipata nakuletea chai.* Hapo nilicheka, kwa sababu jibu la chai vikombe viwili nilikuwa nalijua kwa moyo kwa miaka miwili bila kujua ni jibu la nini. Nikafungua tena. *Mdogo wangu amefeli. Hali chakula, anasema maisha yamekwisha. Ana miaka ishirini. Nifanye nini, Babu?*

Kisha Mzee akasema kuna moja la mwisho, na kwamba hilo dada alimwomba asiniambie.

“Nimekaa nalo,” alisema. “Lakini sasa naondoka, na siwezi kuondoka nalo. Ukitaka utalisoma hapa kwenye daftari. Ukitaka njoo ulione lilipo.”

Nikamfuata. Katika miaka kumi na sita sikuwahi kukaa kwenye kiti chake. Kinalia, kama mnavyojua. Alifungua faili la mwisho la dada yangu, bodi ya kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo ya watoto wachanga. Bodi hizo zinatengenezwa hadi leo, lakini kutokana na nakala. Mchoraji mwingine aliimalizia nakala. Faili la dada lenyewe Mzee hakuruhusu mtu aliguse. Liko kama alivyoliacha.

Nilizijua zile kona kabla hajaniambia. Njia zilitoka pamoja, zikapinda pamoja, kama nywele zilizochanwa. Akanionyesha njia ya kumi na nne. Ilitoka kama wenzake, ikapinda, ikafika katikati, ikaishia hapo. Mbele yake palikuwa peusi. Kisha akazima matabaka mengine, na pembeni, kwa herufi ndogo, palikuwa pameandikwa:

*Babu, ya kumi na nne sijaiunganisha. Mkono unachoka. Usimwambie mdogo wangu, atanizuia kuja kazini. Nitaimalizia Jumatatu.*

Watu wameniambia mengi tangu alipofariki. Wengi walisema ilikuwa ghafla na hakujua, nami nilitaka kuamini, ila usiku na mchana nilijiuliza kama ni kweli, na kama alijua, kwa nini hakuniambia mimi. Sasa najua. Alijua amechoka, na alitaka kuja kazini. Ningemzuia, ni kweli kabisa. Ningeficha hata viatu.

Jumatatu ile tulikuwa hospitali. Jumatano hakuwepo.

Nilishika kipanya bila kufikiri. Nilitaka kuivuta ile njia, iende mbele kidogo tu ifike inakokwenda. Kisha nikashtuka nikauondoa mkono, nikidhani nimeharibu. Hakuna kilichosogea. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

“Humu huwezi kuharibu kitu,” alisema. “Tazama tu, utakavyo.”

Akachukua chai yake juu ya bodi ya mizani, akatoka, akasimama koridoni hadi saa ya chakula ikaisha. Kesho yake alifanya vile vile. Kwa wiki mbili sasa, kila saa ya chakula, nimekuwa nikikaa pale nikiwasha na kuzima tabaka la dada yangu, na mtu mwenye miaka thelathini na mitatu kazini amekuwa akila amesimama. Wanaopita wakimwuliza anafanya nini mlangoni, anasema anapunga upepo. Korido ile haina dirisha.

Zimebaki saa za chakula nne. Nimemwomba fundi wa mfumo, na Meneja pia nimemwomba. Wote walinisikiliza, na wote wakanieleza kwamba kompyuta ile ni chakavu na haitavuka mwezi. Sina kinyongo nao. Ijumaa saa kumi ile skrini itazimwa, na njia ya kumi na nne itabaki ilipo, popote hapo palipo. Sitaiona tena. Lakini maneno yake ninayo, kwa penseli, kwa mwandiko wa mtu aliyeyasoma siku ile ile yalipoandikwa.

Kuna jambo nililigundua baadaye, nikiwa nyumbani. Mzee aliandika maswali ya dada kwenye kurasa za kushoto tu. Kurasa zote za kulia ameziacha tupu. Nikalileta bati la biskuti mezani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikinakili majibu mbele ya maswali yake. Si kazi rahisi, kwa kuwa vikaratasi vingi havina tarehe, na “sijala” ziko kumi na saba. Yapo maswali ambayo hayakujibiwa, mengine nadhani yalijibiwa kwa chai. Lakini yanapokutana, swali huku na jibu huku, chumba changu kinakuwa na watu wawili wanaotaniana, nami naendelea na kazi zangu kama zamani, nikiwasikia kutoka ufungaji.

Nyuma ya daftari, kwenye mfuko wa jalada, nilikuta kikaratasi kimoja ambacho hakikuwemo kwenye bati. Alikiweka mezani kwa dada Jumatatu ile asubuhi, kabla hajapata habari. Alhamisi akakichukua. Kinasema: “Mama Kona, Jumatatu imefika. Imebaki njia moja tu. Nakusubiri.” Nimekinakili ukurasa wa kulia wa mwisho, na chenyewe nimekiweka kwenye bati, juu ya vingine.

Nilimwuliza kama naweza kuandika haya yote kwenye jarida. Akasema niandike, ila habari ya suti niiache. Suti nimeitaja mara mbili. Anisamehe.

Kwa niaba ya wachoraji aliowaita wamweleweshe, watoboaji aliowakumbuka hata baada ya kupanda cheo, mlinzi ambaye bado anaingojea baiskeli, na sisi wa ufungaji ambao ni nadra mno kufungasha bodi mbovu iliyopita machoni pake, nasema asante. Asante pia kwa shemeji, aliyetuazima macho haya kwa muda wote huu. Tunayarudisha yakiwa bado yanaona, na tunampa pole kwa upande wa sahani.

Kaka, umetazama kazi zetu maisha yako yote bila kuziharibu. Nenda ukatazame mambo yasiyo na kosa. Kaa dirishani kwako, unywe chai ikiwa moto, uamke saa unayotaka, na afya ikukae. Daftari nitalimaliza wikiendi hii na kukuletea uone kama nimeoanisha sawasawa. Kama utakuta jibu nimeliweka mbele ya swali lisilo lake, au kosa lolote katika wasifu huu, najua hutalirekebisha. Niandikie kikaratasi.

Nitapita kukichukua Jumatatu.